Kidaka, kitale, dafu: urithi ushuke kutoka kabatini

Maktaba nyingi za umma zenye chumba cha watoto huweka urithi mahali pamoja tu: kwenye kabati la kioo lenye kufuli. Ndani mna kibuyu, ungo mdogo wa mapambo, ngoma iliyolegea ngozi, na karatasi yenye neno USIGUSE. Ng'ambo ya pili ya chumba kuna rafu za hadithi, sehemu kubwa ni msaada kutoka Ulaya na Marekani, zimejaa theluji, mbweha na keki za siku ya kuzaliwa. Mtoto wa Kilifi anapita katikati. Cha kabatini haruhusiwi kukishika, cha rafuni hakijui.

Dawa yake si kununua kabati kubwa zaidi. Vitu vishuke mezani, vishikwe, na majina yake yawe maandishi ya kwanza anayosoma mtoto. Sisemi hivi kwa uzalendo. Nauangalia ufundi wa kusoma wenyewe. Mtoto anayeanza kusoma hufanya kazi mbili kwa pamoja: anaunganisha silabi, kisha anasikiliza kama alichokipata ni neno analolijua. Akiunganisha "the-lu-ji" akafika mwisho, hana pa kulipeleka. Akiunganisha "da-fu" anacheka, maana jana alilinywa. Kazi ya pili ikigonga ukuta mara nyingi, huiacha hata ile ya kwanza, nasi tunasema mtoto huyu hapendi vitabu.

Kisheria hakuna kizuizi. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 7, inaitaka Serikali ilinde lugha mbalimbali za wananchi na kuendeleza matumizi ya lugha za kiasili. Jedwali la Nne likaziweka maktaba na makumbusho chini ya kaunti. Mtaala nao unatoa nafasi kwa lugha ya eneo katika gredi za chini. Lakini nenda kamtafutie mtoto wa Gredi ya 2 kitabu cha hadithi cha Kigiriama, Kidigo au Kipokomo uone utarudi na vingapi. Kwa hiyo chumba cha watoto cha Pwani kina kazi ambayo ndugu zake wa London hawana: kutumia vitabu na kuvitengeneza pia.

Mnazi mmoja, wiki sita za kusoma

Anzeni na mnazi, kwa kuwa kila mtu anao au jirani yake anao. Tafuteni sinia sita. Ya kwanza muweke upunga, yaani ua. Ya pili kidaka, lile tunda changa linalopukutika lenyewe upepo ukivuma, kwa hiyo halimgharimu mtu. Kisha kitale, dafu, koroma na nazi. Koroma ndilo husahaulika. Limepita udafu na halijafika unazi, na watoto wengi wa mjini hawajawahi kulisikia jina hilo hata kama wamelila tunda lenyewe.

Kadi za majina zikatwe kwenye manila, sentimita 20 kwa 10, herufi zenye kimo cha sentimita 3, na ziandikwe kwa herufi ndogo. Makosa ya kawaida ni kuandika KIDAKA kwa herufi kubwa ili ionekane vizuri. Inaonekana vizuri kweli, ila hakuna kitabu kilichoandikwa hivyo, na mtoto aliyezoea D kubwa atakuja kuichanganya d ndogo na b. Nyuma ya kila kadi liandikwe jina la lugha ya eneo lenu, baada ya kuuliza watu wazima wawili au watatu. Msibuni kwa kuligeuza neno la Kiswahili.

Siku ya kwanza mtoto anaweka kadi juu ya sinia yake. Siku ya pili kadi zinachanganywa. Wiki inayofuata ingieni kwenye sentensi, na hapo mnazi unaonyesha utajiri wake:

Upunga umeanguka.
Kidaka kimeanguka.
Dafu limeanguka.
Nazi imeanguka.

Mti mmoja, ngeli nne. Hakuna haja ya kulitaja neno "ngeli" kwa mtoto wa miaka sita. Mwache asome, kisha mpe kadi ya "koroma" na vipande vinne vilivyoandikwa u-, ki-, li- na i-, achague. Akisema "koroma limeanguka" kwa kuwa sikio limemwambia, muonyeshe herufi zinazosema hivyo. Mtoto anayekulia kwenye Kiswahili cha mitaani, kile cha "kitabu imeanguka", hapa anakutana na upatanisho kupitia kitu anachokishika, bila kusahihishwa mbele ya wenzake.

Baada ya hapo hamieni jikoni: kumbi, kifuu, tui, chicha, kifumbu, mbuzi. Neno la mwisho lisirukwe. Andikeni "Bibi amekalia mbuzi" na msiseme lolote. Nusu ya chumba itaangua kicheko, nusu itaeleza kwamba si mbuzi yule, na maelezo hayo ndiyo ufahamu wenyewe ambao mitihani huutafuta kwa maswali kumi. Mbuzi ya kukunia nazi ikiletwa, meno yake yavikwe kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa urefu na kufungwa kwa kamba, na itolewe mbele ya mtu mzima tu. Meno yale hukata mkono kabla mtoto hajajua yamemgusa.

Yanayoharibika: dafu lililopasuliwa huchacha siku hiyohiyo, kwa hiyo sinia ya maonyesho iwe na dafu zima, libadilishwe kila Jumatatu. Sisimizi watafuata chicha. Wekeni sinia juu ya kopo lililosimama ndani ya bakuli la maji. Upunga hunyauka na kumwaga vumbi, basi baada ya siku mbili tumieni picha.

Kitendawili ni kitabu cha maneno manne

"Nyumba yangu haina mlango." Maneno manne, na ni utungo kamili wa fasihi. Ndiyo sababu kitendawili kinakaa vizuri kuliko hadithi ndefu kwa msomaji mchanga: kinamalizika kabla hajachoka, na kinamdai jibu. Kadi 30 zinatosha muhula mzima. Mbele swali, nyuma jibu, na chini ya jibu mistari mitatu mitupu.

Mistari hiyo mitupu ni ya lazima. Mwalimu akija na darasa lake huwa na jibu moja, lile la kwenye kitabu. "Kila niendapo hunifuata": kivuli. Mtoto akisema mwezi, amekosea nini? Jibu lake liandikwe kwa mkono wake mwenyewe kwenye mstari wa kwanza, pamoja na tarehe. Mwisho wa muhula kadi hiyo inakuwa na majibu manne, na mtoto mwingine anaisoma kwa hamu kwa sababu anataka kujua nani alisema nini.

Mchezo uchezwe kama unavyochezwa nyumbani. "Kitendawili!" "Tega!" Wakishindwa, mtegaji anadai mji. Hapo bandikeni ramani kubwa ya Kenya kwa kimo cha mtoto. Aliyeshindwa aandike jina la mji anaoutoa kwenye kijikaratasi na akibandike mahali pake. Wiki ya tatu mtagundua kila mtu anatoa Mombasa. Wekeni sharti: mji ukishatolewa hautolewi tena. Ndipo Garissa, Lodwar na Wundanyi zinapoanza kutafutwa na kuandikwa. Katika chumba chenye watoto wa makabila mengi, wa Kikuyu wafungue kwa "Gwata ndaĩ" na kuitikiwa "Ndagwata". Alama iliyo juu ya ĩ isiachwe wakati wa kuchapa, maana ni irabu nyingine kabisa na i ya kawaida.

Vipo vitendawili vinavyokwama. "Popoo mbili zavuka mto" jibu lake ni macho, lakini mtoto asiyeijua popoo, ile kokwa ngumu ya kutafuna, anaona mafumbo mawili badala ya moja. Mjini Mombasa popoo bado inauzwa pamoja na tambuu. Nunueni mbili, mzifunge kwenye kichupa chenye kifuniko kigumu ili mtoto mdogo asizimeze, na kichupa kikae pamoja na kadi. Vivyo hivyo "Kuku wangu katagia mwibani": kama nanasi linajulikana sokoni tu, likiwa limekatwa majani, wekeni picha ya nanasi likiwa shambani.

Kwa wanaokaribia kusoma mistari mizima, chukueni mwanzo wa hadithi ambao wengi wanaujua kwa masikio:

Paukwa! Pakawa!
Kaondokea chenjagaa,
kajenga nyumba kakaa,
mwanangu mwana Siti,
kijino kama chikichi,
cha kujengea kikuta,
na vilango vya kupita.

Kila mstari uandikwe kwenye ukanda wake wa sentimita 60 kwa 8, kisha kanda zivurugwe. Mtoto atazipanga kwa vina: chenjagaa na kakaa, Siti na chikichi, kikuta na kupita. Anayeshindwa kusoma neno zima ataangalia mwisho wake, na kuangalia mwisho wa neno ni hatua kubwa kwa mtu ambaye jana alibahatisha kwa herufi ya kwanza. Kama bibi zenu wanaisema tofauti, tumieni ya bibi zenu.

Kutoka mdomoni hadi rafuni

Hadithi za wazee zirekodiwe kwa simu, hilo linatosha. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege ili isiite katikati, ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri moja na nusu hivi kutoka kinywani. Feni izimwe. Paa la mabati na mvua havirekodiki pamoja, ahirisheni. Faili ipewe jina siku hiyohiyo: mwaka, mwezi, siku, kijiji, lugha, namba. Faili iliyoachwa na jina ililopewa na simu ni sawa na kitabu kisicho na jalada. Nakala ziwe tatu, na moja ikae jengo jingine.

Kabla ya kubonyeza kitufe, ruhusa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni, namba 33 ya 2016, inayotambua kwamba vitu hivi vina wenyewe. Karatasi moja inatosha, isomwe kwa sauti kwa lugha ya mzee, yenye maswali manne yanayojibiwa kila moja peke yake: turekodi? tuchapishe? tuweke kwenye intaneti? tutaje jina lako? Watu wengi hukubali la kwanza na la pili, wakakataa la tatu. Basi liwe la kukataliwa bila maswali. Wengine watasema hadithi haisimuliwi mchana. Msibishane kwamba maktaba hufungwa saa kumi na moja. Mfuateni nyumbani jioni.

Dakika nane za kusimulia hutoa maneno kama 800. Kuyaandika huchukua saa nzima au zaidi, hasa kama lugha haijazoeleka kuandikwa. Kisha yapunguzwe yafike 250 hadi 300, ili kila ukurasa ubebe mistari miwili au mitatu. Katika kupunguza, wimbo wa ndani ya hadithi ndio wa mwisho kuguswa. Mchapaji aliyechoka ataandika "wimbo x3". Amekata kiungo chenyewe: ule wimbo unaporudi mara ya pili na ya tatu ndipo mtoto dhaifu anaposoma bila msaada, kwa sababu ameshaujua. Uchapwe wote, kila mara.

Adui mwingine wa hatua hii ni usahihishaji. Kompyuta itapiga mstari mwekundu chini ya "madzi" ya Kigiriama, na mtu mwenye nia njema atageuza kuwa "maji". Katika Kiamu, Kiswahili cha Lamu, "ndoo" ni "njoo". Mhariri kutoka bara ataona ndoo ya maji katikati ya mazungumzo na kuiondoa. Zimeni ukaguzi wa tahajia, na nakala ya mwisho isomwe kwa sauti mbele ya msimuliaji.

Kuchapa: karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati hutoa kijitabu cha kurasa 16 za A5. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi daima hujumlishwa kuwa 17: 16 na 1, kisha 2 na 15 mgongoni mwake, 14 na 3, 4 na 13, na kuendelea hadi 8 na 9 katikati. Kabla ya kutoa nakala 40, kunjeni moja tupu na kuipa namba kwa penseli. Kila anayeruka hatua hii huja kuipata hadithi inayoanza baada ya kwisha.

Msitumie pini za stepla. Hewa ya chumvi ya Pwani huzitia kutu, doa la kahawia linaenea, kisha karatasi inakatika palepale. Shoneni. Toboeni matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari mwembamba au msharasi: moja katikati, mengine sentimita 4 kutoka kila ncha. Uzi wa pamba mnene, sentimita 55. Sindano iingie kutoka ndani kwenye tundu la kati, itoke nje. Irudi ndani kwa tundu la juu. Ipite ndani, iruke tundu la kati, itoke kwa tundu la chini. Irudi ndani kwa tundu la kati. Ncha mbili za uzi sasa ziko ndani. Hakikisheni moja iko kushoto na nyingine kulia kwa ule uzi mrefu, kisha zifungwe fundo juu yake. Ncha zikiwa upande mmoja, fundo halishiki kitu na kijitabu kitalegea. Jalada liwe manila. Plastiki ya kubana kwa joto hupendeza mwanzoni, lakini ikikatwa sawasawa na ukingo wa karatasi, unyevu huingia na kuifumua. Acheni milimita 5 za plastiki tupu pande zote, au msiitumie. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao. Ya unga wa ngano ni chakula cha mende.

Kijitabu kisichoandikishwa hakipo

Kosa la wengi ni kukirundika kijitabu kipya kwenye kikapu pembeni. Hakina namba, kwa hiyo hakiwezi kuazimwa, na siku ya kupunguza vitabu chakavu ndicho cha kwanza kutupwa. Siku kinaposhonwa ndiyo siku ya kukiingiza kwenye rejista, kukipiga muhuri na kukibandika mfuko wa kadi. Mkiamua kukichapa kwa wingi na kukiuza au kukigawa nje ya maktaba, ISBN za Kenya, yaani namba za kimataifa za vitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa.

Namba ya rafu italeta mjadala. Kwa mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, hadithi za jadi huenda 398.2, vitendawili 398.6, methali 398.9, lugha ya Kiswahili 496.392, fasihi yake 896.392, dini za Kiafrika 299.6 na historia ya Kenya 967.62. Urithi wa mtoto mmoja umetawanywa chumba kizima. Msibadilishe namba, maana katalogi ya maktaba itavurugika na mkutubi atakayewafuata atawalaani. Bandikeni utepe wa rangi mgongoni, rangi moja kwa kila lugha, na vitabu hivyo vikae katika kisanduku cha mbele ambapo jalada linaonekana, si mgongo. Kijitabu kilichoshonwa hivi hakina mgongo wa kuandikwa. Kikisimamishwa rafuni kinamezwa.

Samani nitazipitia haraka: rafu isizidi sentimita 120, meza ya watoto wa miaka sita iwe kama 55 na kiti 30, na mkeka mmoja mkubwa una kazi kuliko viti ishirini. Wasikilizaji wasizidi 25 kwa msimuliaji mmoja, wakae nusu duara. Kipaza sauti kikiingia, watoto huacha kuitikia. Rafu ziachane na ukuta kwa upana wa kiganja ili njia za mchwa zionekane mapema. Na vidonge vya nondo visiwekwe chumba hiki kamwe: ni vyeupe, ni vya duara, na mtoto ataviona peremende. Ni sumu.

Kuna kitu kimoja ambacho hakifai kuingia chumba hiki hata kikiletwa na mfadhili mwenyewe: kigango. Nguzo hizi za Wamijikenda huwekwa kwa ajili ya marehemu wa Gohu, chama cha wazee, nazo hazihamishwi ovyo. Nyingi ziliibwa na kuuzwa ng'ambo kama sanaa. Makumbusho ya Denver, Marekani, yalitangaza mwaka 2014 kurudisha vigango 30. Kuchonga cha mfano na kukisimamisha karibu na rafu ya picha kunamfundisha mtoto kwamba ni pambo. Kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008 zinaweza kuelezwa kwa ramani, kwa miti na ndege wake, na kwa mzee wa kaya akikubali kuja. Nyimbo za jando na unyago nazo zibaki kwa wenyewe.

Kuazima ndiko kunakowatia watu hofu. Mtumishi anayeogopa kulipia kitabu kilichopotea atakifungia, na hapo kabati la kioo limerudi kwa jina jingine. Kijitabu cha karatasi nne na uzi ni rahisi kukirudia, kwa hiyo ndicho kifaacho kwenda nyumbani kwanza, ndani ya mfuko wa kitambaa wenye namba yake. Kurasa asilia ambazo hazijakunjwa zihifadhiwe bapa ndani ya jalada la faili, zikiandikwa "usishone". Kijitabu kikirudi kimelegea, kateni uzi, ng'oeni karatasi iliyochanika, toeni nakala ya karatasi hiyo moja, shoneni upya kwa matundu yaleyale, na namba ya rejista ibaki ileile.